Damu Yako Safi

Machi 4

Nimerudi kwa wazazi na mabegi mawili na sanduku la vifaa vyangu vya kukatia vioo. Mume nimemwachia kitanda, sufuria na hoja zake. Mvua ilinishika njiani, nikafika nimelowa chapachapa, nikabonyeza kile kitufe cha mlangoni kinachowasha taa sebuleni. Kengele hatuna. Wazazi wangu wote wawili ni viziwi, na katika nyumba hii mgeni hubisha hodi kwa taa.

Mama akafungua. Maswali yake nilikuwa nimeshayaandalia majibu tangu kituoni. Mama haulizi kitu kwa mikono peke yake. Huuliza kwa mabega, kwa nyusi, na kwa meza kama iko karibu. Akikusimulia kuku wa jirani, utamwona kuku, utamwona jirani, na mwisho utajikuta unamwonea huruma kuku. Wanaosikia hudhani nyumba ya viziwi ni kimya. Waje walale kwetu siku moja, milango inavyobamizwa na sufuria zinavyotupwa! Na maneno hayaishi.

Leo akanitazama kuanzia nywele hadi viatu, akasema mawili tu: "Karibu. Kula."

Kisha akageuka.

Nimekula. Sijui nimekosa nini, au labda najua sana. Hakuna mama anayefurahia binti wa miaka thelathini na tatu kurudi na mabegi.

Machi 6

Mvua. Mama asubuhi: "Chai." Mama mchana: "Chakula." Mama jioni: "Lala."

Machi 9

Kwetu kila mtu ana jina la mkononi. Baba, kwa kuwa ni seremala, anaitwa Randa: kiganja kinateleza juu ya kiganja. Mimi ni Kope. Mama alinipa jina hilo nikiwa mchanga, kwa sababu eti nilizaliwa na kope ndefu kuliko akili. Gumba na kidole cha shahada vinabana kando ya jicho, halafu vidole vyote vitano vinafunguka kwa mpigo. Ni jina zuri. Hakuna aliyelitamka vizuri kama yeye.

Leo aliniita kutoka ng'ambo ya meza. Vidole vilibana, vikaishia hapo. Havikufunguka.

Nilijifanya sijaona. Hata jina langu sasa anaona uvivu kulimalizia.

Machi 13

Baba naye analalamika. Alinifuata uani nilipokuwa nanoa kikatio, vumbi la mbao likiwa kichwani kama unga.

"Mama yako kanichoka," akasema. "Miaka yote ananisimulia mpaka nasinzia. Sasa ni ndiyo, hapana, kula."

"Aliyechokwa ni mimi, Baba. Wewe umepitiwa tu."

"Basi tumechokwa wote."

Tukacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Machi 17

Jana Mama aliangusha sufuria ya uji. Vifundo vya vidole vimemvimba pande zote mbili na kiganja kina joto. Leo nimempeleka zahanati.

Daktari ni mtu mzuri mwenye haraka. Aliongea na mimi kana kwamba Mama ni begi nililobeba. "Muulize anaumwa wapi. Muulize tangu lini." Mama akanigusa bega: "Mwambie mwenye mikono ni mimi." Nilitafsiri kwa adabu zaidi ya hivyo.

Daktari akasema kuna baridi yabisi ya kawaida ya uzee, na kuna ile mbaya inayokula viungo, ambapo kingamwili za mtu, yaani wale askari wa damu, wanaacha kulinda mwili na kuanza kuushambulia. Wapo askari wa aina fulani wanaotafutwa kwa kipimo cha damu. Wakionekana, ndiyo hiyo.

Muuguzi alipomaliza kutoa damu alimwambia Mama abane pamba kwa mkono wa pili na asiuchezeshe huo mmoja. Kwa hiyo Mama hakuwa na mkono wa kusemea. Alibaki na nyusi tu, akazitumia kumwambia muuguzi maneno ambayo nashukuru hakuyaelewa. Kwa dakika chache nilimwona Mama wangu wa zamani.

Machi 20

Hasi!

"Hongera," daktari akasema. "Damu yake safi. Ni umri na hizi mvua. Zikiisha, atakuwa sawa."

Mama akauliza: "Kama damu ni safi, kwa nini vidole vinawaka moto?" Nikatafsiri. Daktari akarudia umri na mvua, akaandika vidonge vya maumivu, akaita anayefuata.

Baba alipopata habari alimshika Mama kiuno, akacheza naye jikoni bila muziki, kama wanavyocheza siku zote. Mama aliweka mikono yake juu ya mabega ya Baba taratibu, kwa kutumia viwiko.

Machi 24

Mvua. Mama hakufua. Baba akamwambia kwa utani: "Damu yako safi, mke wangu. Nguo ndizo chafu."

Machi 28

Mama aliniomba nimfungie vifungo vya blauzi. Nilikuwa nachelewa kwa mteja wa kioo cha kabati. Nikamwambia, "Mama, damu yako safi, jikaze kidogo." Alipofika shuleni anakofundisha, sijui alifungiwa na nani.

Machi 31

Mvua, mvua, mvua. Jirani kamwona Mama amekaa kibarazani mikono mapajani, akaniambia, "Mama yako siku hizi anadeka." Nikamwambia damu yake safi. Sasa tunaisema wote, kama salamu.

Aprili 3

Leo jioni wamegombana. Ugomvi wa viziwi una sharti moja: lazima mtazamane. Ukitaka kumnyima mtu neno, fumba macho. Mama alifumba. Baba akamgusa, akafumba tena. Baba akamgusa tena. Mwishowe alifumbua, akasema, "Niache."

Baba akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Alizima taa. Katika nyumba hii kumzimia mtu taa ni kumziba mdomo. Tusi gani litazidi hilo? Mimi nilikuwa kwenye kochi. Nilisikia ambacho wao hawakukisikia: Mama akilia kwa sauti. Hajui kwamba kilio chake kina sauti, hakuna aliyewahi kumwambia. Baba alikuwa hatua tatu kutoka kwake na hakujua lolote.

Nilinyanyuka nikawasha. Wote wawili wakanitazama kwa hasira, kwa hiyo angalau walikubaliana kwenye jambo moja.

Aprili 5

Mvua. Hakuna aliyesema kitu cha maana.

Aprili 11

Naandika kirefu leo kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Upepo wa juzi ulivunja dirisha la darasa la watoto wadogo shuleni kwa Mama. Ni shule ya watoto viziwi, na Mama ndiye anayewapokea wale wa miaka minne na mitano. Mwalimu mkuu akaniita nikaweke kioo. Nilisafisha fremu, nikatoa vipande, na nilipokuwa napima nikatazama ndani kupitia lile tundu.

Mama alikuwa anafundisha neno "maji". Alama yake hapa kwetu ni nyepesi: mkono ulionyooka unashuka mbele ya kifua huku vidole vikicheza. Mtoto mmoja, msichana wanayemwita Kifungo kwa sababu amekwishatafuna vifungo vya sare tatu, alisimama mbele kurudia.

Kwanza akasugua vifundo vya mkono wa kulia kwa kiganja cha kushoto. Kisha akakunja uso kama aliyeng'atwa na siafu. Kisha akashusha mkono uliokunjika, kifundo kimekaza, vidole vimefungamana kama fungu la vitunguu. Akakaa chini, ameridhika.

Akasimama mwingine. Akasugua, akakunja uso, akashusha mkono ule ule uliopinda. Na mwingine. Darasa zima.

Damu ilinichemka. Watoto wanamkejeli mama yangu mbele ya macho yake! Nikaacha kipimio dirishani, nikaenda moja kwa moja ofisini.

Mwalimu mkuu anasikia kama mimi, ni mwanamke mwenye sauti ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, kaa," akasema. "Wale hawakejeli."

"Nimeona kwa macho yangu, Mwalimu. Wanamwigiza."

"Wanamwiga, ndiyo. Ndiyo kazi yao. Hebu fikiria: wale watoto walikuja hapa hawana lugha hata moja. Nyumbani kwao hakuna anayejua alama, wanaonyeshwa kwa vidole kama kondoo. Neno la kwanza la maisha yao wamelipata kwa mama yako. Wao wanadhani kusugua vidole ni sehemu ya neno. Wanadhani uso ule ni sehemu ya neno."

Mtu anayejua lugha ya alama anaelewa kwamba uso ni nusu ya maneno. Nyusi zikipanda ni swali, zikishuka ni jambo jingine. Watoto wale waliona uso wa mwalimu wao unakunjika kila anapofungua neno, wakaushika vizuri, kwa sababu ni wanafunzi wazuri. Wamejifunza maji yenye maumivu. Wamejifunza maziwa yenye maumivu. "Nyumbani" wanaisema kama mtu anayekanyaga msumari.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Niliona muhula uliopita. Mwezi uliopita nikamuuliza, akaniambia damu yake ni safi, daktari amesema, kwa hiyo ni uzembe wake. Nilidhani nyumbani mnajua zaidi."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi ilibidi niambiwe.

Niliweka kioo. Nikajikata kidogo.

Aprili 12

Asubuhi nilikwenda chumbani kwao Baba alipotoka. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono yake juu ya mto kama vitu vilivyowekwa vikauke. Nilikaa mbele yake mahali anaponiona vizuri.

"Vinauma kiasi gani?" nikauliza.

Aliinua mabega.

"Mama. Niambie yote. Sina haraka leo."

Alichukua muda mrefu. Alisema neno, akapumzika, akasema jingine. Sijawahi kumwona Mama akiongea hivyo. Yeye ambaye zamani ulikuwa unamshika mikono ili na wewe upate nafasi ya kusema.

"Kila neno linauma," akasema. "Basi nachagua. Nasema yale ya lazima. Kula. Lala. Chai."

"Nilidhani umeninunia. Kwa sababu nimeachika."

Akanitazama kwa mshangao kabisa.

"Siku uliyokuja," akasema, "nilitaka kukuuliza. Amekupiga? Unakula? Unalala? Umelia peke yako? Nikaangalia mikono. Swali lilikuwa refu." Akapumzika. "Nikasema karibu. Kula."

Nililia pale pale, na yeye akanifuta kwa mgongo wa mkono. Wiki tano nimekaa katika nyumba hii nikijihurumia, namhesabia maneno kama mchoyo, wakati yeye ananipa yale machache aliyobaki nayo.

Nikamuuliza asubuhi huchukua muda gani hadi mikono ifunguke. Akaonyesha kabati la nguo. "Mpaka jua lifike kwenye kile kitasa. Siku za mvua, sijui." Jua hufika pale karibu na saa nne.

Aprili 16

Nimeuliza, nimesumbua, nimepata: hospitali kubwa, daktari bingwa wa viungo. Mwanamke mfupi mwenye miwani inayoteleza. Kitu cha kwanza alichofanya ni kusogeza kiti chake mbele ya Mama, si mbele yangu. Alimtazama Mama akiongea, akanisikiliza mimi, bila kutugeuzia kichwa kama feni. Alivibana vifundo kimoja kimoja, polepole, akitazama uso.

Nilimwambia habari ya kitasa cha kabati. Akaitikia kwa kichwa.

"Huko zahanati walipima nini?"

Nikamweleza. Hasi. Damu safi.

"Mama," akasema, na mimi nikatafsiri neno kwa neno, "kipimo kile hakikudanganya. Kilimtafuta askari wa aina moja, hakikumkuta. Lakini wako wagonjwa wengi tu wa ugonjwa huu ambao damu yao haina askari yule kabisa. Na wako wazima wanaoishi naye bila kuumwa. Kwa hiyo kikisema hapana, hatufungi mlango. Yuko wa aina nyingine, tunamtafuta kwa kipimo kingine. Huyo akionekana kwa mtu mwenye mikono kama hii, shaka inabaki ndogo sana."

Mama akasema kitu. Daktari akanitazama.

"Anasema, kikulacho ki nguoni mwako."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mwambie ni hivyo hasa."

Wamechukua damu, na eksirei ya mikono. Damu inapelekwa maabara ya mbali, majibu yatachukua muda. Safari hii nilimbania pamba mimi, ili abaki na mkono mmoja wa kusemea.

Aprili 19

Mvua. Tunasubiri.

Aprili 22

Nimemweleza Baba kila kitu, pamoja na watoto na "maji". Alikwenda kwenye karakana yake, akakaa humo hadi jioni bila kupiga hata msumari.

Aprili 26

Asubuhi nimekuta vitasa vyote vya mviringo vimeng'olewa. Baba ameweka mahali pake vishikio virefu vya mbao, vinavyofunguka hata ukivisukuma kwa kiwiko: milango, kabati, droo ya vijiko, choo. Amevipiga msasa na kuvipaka mafuta mpaka vinang'aa. Mama alipita akivigusa kimoja baada ya kingine kwa kiwiko. Baba alisimama ukumbini anatazama sakafu, kwa hiyo hakuona Mama aliposema ahsante. Ilibidi nimgeuze kichwa.

Aprili 29

Maabara wanasema bado. Mto umefurika, gari la sampuli lilichelewa. Mama amesema maneno kumi na moja leo. Najichukia kwa kuhesabu.

Mei 5

Chanya. Chanya ya juu sana, daktari alisema, hata hakuhitaji kuiangalia mara ya pili. Baridi yabisi ile inayokula viungo.

Nilipotafsiri, nilitegemea Mama aanguke. Alikaa wima. Akamgeukia Baba, ambaye alikuja na shati lake la sherehe utadhani tumeitwa harusini, akamwambia, "Unaona? Sikuwa nadeka."

Baba akaanza kulia mbele ya watu. "Nilikuzimia taa," akasema. "Nilikuzimia taa." Alirudia hivyo hadi Mama akamshika mikono yote miwili kwa mikono yake iliyovimba, na hivyo wote wawili wakawa hawawezi kusema kitu.

Daktari akasubiri. Kisha akaweka eksirei kwenye mwanga. Mimi ni fundi vioo, najua ukingo uliomeguka unavyoonekana. Kwenye vifundo viwili vya mkono wa kulia, na kimoja cha kushoto, mfupa ulikuwa umemeguka pembeni.

"Dawa itawazuia askari wasiendelee," akasema. "Ni ya mara moja kwa wiki, si ya kila siku, hilo msikosee hata kidogo, maana ikizidi ni hatari. Tutapima damu mara kwa mara. Uvimbe utashuka, maumivu yatapungua. Lakini palipoliwa pameliwa."

Mama akauliza swali, polepole, akasugua vifundo kabla ya kila neno. Daktari akasubiri tena.

"Anauliza atabaki na maneno mangapi."

Daktari alivua miwani.

"Mengi," akasema. "Siwezi kumwambia yote."

Nikamuuliza, kwa mdomo tu, na mikono nimeiweka mfukoni ili Mama asielewe: kama tungekuja mwezi wa tatu, ingekuwaje? Alisema hajui, kwamba kumeguka kule hakukuanza mwezi wa tatu. Lakini alinyamaza kidogo kabla ya kusema hivyo, na mimi nimelelewa na watu wanaosoma kunyamaza.

Mei 6

Mvua. Jirani kauliza majibu. Nimemwambia damu si safi. Akasema, "Pole, lakini si walisema ni safi?" Nikaingia ndani.

Mei 12

Dawa ya kwanza ilimtia kichefuchefu. Baba amechora alama ya siku ya dawa kwenye ukuta wa jikoni kwa penseli ya useremala, kubwa kama tangazo la kampeni.

Mei 19

Mama amepewa likizo. Amekuja mwalimu mpya, binti wa miaka ishirini na kitu, kiziwi pia, mwenye vidole virefu vilivyonyooka. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kumwambia. Alijieleza sana. Mama akamkatiza: "Ni sawa. Wamepewa maji mabaya. Wapewe mazuri."

Mwalimu mkuu alipoondoka, Mama aliweka mikono yake chini ya kanga aliyojifunika mapajani, akaificha. Alikaa hivyo mpaka chakula cha jioni. Kwa mtu wa nyumba yetu, huko ndiko kuhama nchi.

Mei 27

Uvimbe umepungua! Leo alinieleza, bila kupumzika, jinsi muuguzi wa hospitali anavyotembea kama bata aliyepoteza kitu. Nikamwona bata. Baba alicheka hadi akakohoa.

Mei 30

Aliniuliza lile swali. Lote. Amekupiga? Unakula? Unalala? Umelia peke yako? Ilimchukua muda. Nilijibu yote, na hilo lilichukua muda zaidi.

Juni 8

Mvua zimeisha. Jua limefika kwenye kishikio cha kabati na kukipita. Maumivu ya asubuhi ni mafupi sasa. Zahanati walisema mvua zikiisha vidole vitakuwa sawa. Nimekaa na Mama kibarazani, tukavitazama wote wawili kwa muda mrefu. Havijanyooka.

Nilimwambia, "Niite."

Akabana gumba na shahada kando ya jicho lake. Akajaribu kufungua. Vidole vikafika nusu, vikatetemeka, vikasimama. Akajaribu tena. Akasema, "Nitakupa jina jingine. Jepesi."

Nikamwambia sitaki.

Juni 19

Mwalimu mkuu amemwomba Mama aje mara moja kwa wiki kuwasimulia watoto hadithi, bila kufundisha. Leo ilikuwa mara ya kwanza. Nilimsindikiza.

Mwalimu mpya amefanya kazi. Watoto wanasema "maji" na maji yanashuka kweli, laini, vidole vikicheza, nyuso zimetulia. "Nyumbani" haina tena msumari. Nilifurahi. Namwandika Mama kama nilivyomwona: alifurahi pia, na akawa kama mtu anayeangalia nyumba aliyoijenga ikipakwa rangi nyingine na wenyewe.

Kisha Kifungo akaniona mlangoni. Anakumbuka mtu wa kioo. Mama aliwahi kumwambia jina langu. Akavuta sketi ya mwenzake ili amwonyeshe nani amekuja. Akasugua vifundo. Akakunja uso. Akabana kando ya jicho, akafungua vidole hadi nusu, akavitetemesha, akaviacha hapo.

Mwalimu mpya hakuwahi kufundisha jina langu. Hakuwa na sababu. Lilikuwa limebaki kama Kifungo alivyolipokea kwa Mama.

Mama akamgusa. "Siyo hivyo," akasema. "Hilo halina maumivu." Akainua mkono amwonyeshe lililo sahihi, akaushusha njiani. Akanitazama.

"Mwonyeshe wewe."

Nikachuchumaa mbele ya mtoto. Nikabana, nikafungua vidole vyote vitano kwa mpigo, kama nilivyoitwa maisha yangu yote. Kifungo akautazama mkono wangu kwa makini. Akamtazama Mama. Akanirudia mimi, akatikisa kichwa kwa huruma ya mwalimu kwa mwanafunzi mzito.

"Umekosea," akaniambia. Akanionyesha tena, taratibu ili nishike: kusugua, uso, nusu.

"Kweli," nikasema. "Nimekosea."

Nikalirudia kama alivyonifundisha. Nilisugua, nikakunja uso, nikafungua nusu. Akanipigia makofi ya kwetu, mikono juu ikitikisika hewani, na darasa zima likamfuata. Mama aliinamisha kichwa, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, maana vidole leo havikuwa vizuri.